Sarafu ya Akika

Shuaibu, muuza barafu ya samaki pale Kismayu, alikuwa na ugonjwa ambao mkewe Rawda aliuvumilia na dada yake Bimkubwa hakuuvumilia hata kidogo: alikusanya sarafu ambazo hazijapata kununua hata chumvi ya mboga. Karne ya kumi na tisa, mafundi fulani wa Ulaya walijigongea sarafu za mfano kwa majina ya dola walizozibuni wenyewe. Hakuna serikali iliyowaagiza. Wakawauzia watu wenye wazimu kama wake.

Alikuwa nazo tisa katika mkebe wa maziwa ya unga. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa na ndovu aliyenona na maneno "Dola ya Kismayu, 1887". Dola hiyo haikuwahi kuwapo, na sarafu yenyewe ilikuwa bati tupu. Aliisaka miaka sita mpaka akaipata.

Siku ya saba baada ya kuzaliwa Tasnim, bintiye wa kwanza, Shuaibu alirudi kutoka kazini adhuhuri akakuta mtoto amekwisha kunyolewa na mkebe u wazi. Kama ada ya akika ilivyo, uzito wa nywele hutolewa sadaka kwa fedha, yaani madini yenyewe.

"Umetoa ipi?" alimwuliza dada yake.

"Ile ing'aayo, yenye ndovu," alisema Bimkubwa kwa lahaja ya kwao, ambamo mtu ni mchu. "Mizani hatuna, na nywele za mtoto haziwezi kuishinda sarafu nzima. Nimempa Bi Hafswa asubuhi. Sadaka ya mchu ni kizuri chake."

Riale ya fedha ya kweli, aliyoiweka humo kwa kulinganishia, ilibaki chini ya mkebe, nyeusi kwa uzee.

Bi Hafswa, mjane wa kisiwa cha Chovai aliyerudi kutoka kambi za wakimbizi za Kenya bila kitu, hangeikalia sarafu hiyo. Angeipeleka kwa sonara. Na masonara wa mji huu huijaribu fedha kwa kuikata: mkasi kwanza, maneno baadaye. Lakini amwombeje? Kudai sadaka irudi ni aibu kubwa, na kusema ni bati ni kukiri kwamba mwanawe ametolewa sadaka ya uongo. Aliitia riale mfukoni akatoka mbio, bila hata kula.

Njia nzima alijiambia anakwenda kwa ajili ya mtoto. Ndivyo tunavyojidanganya. Kila alipomwona mtu akitoka upande wa masonara, moyo ulimruka, na kilichomjia kichwani ni ndovu wake, si Tasnim.

Alimkuta Bi Hafswa kibarazani akisuka ukili. Akamwamkia, akaketi, akaitoa riale mfukoni.

"Mama, kumepita kosa," alisema mwishowe. "Uliyopewa asubuhi si fedha. Fedha ni hii."

Bi Hafswa aliipokea riale, akaipima kiganjani. "Mola amkuze," alisema. Kisha akafungua pindo la leso yake, akatoa vipande viwili vya bati.

"Sonara aliikata. Akaniuliza nani kanipa. Nikamwambia nimeiokota pwani."

"Kwa nini, Mama?"

"Niseme mtoto wa siku saba katolewa bati? Wachu wangelimcheka mpaka harusi yake. Sonara kanifukuza, kaniita tapeli mbele ya wateja. Yamepita."

Akamwekea vipande mkononi. Mkasi ulikuwa umepita shingoni mwa ndovu. Shuaibu alivisogeza, akaviunganisha ukingo kwa ukingo, akavigeuza kwenye mwanga, akavijaribu tena. Alipoinua uso ndipo alipokumbuka kwamba hakumwambia yule mama pole, wala ahsante.

Bi Hafswa alikuwa ameacha kusuka, anamtazama.

"Yaungika, mwanangu?" aliuliza kwa upole, na ilionekana alitaka kweli kujua.

Shuaibu aliona haya mpaka masikioni, akavifumba vipande kiganjani.