Kilo Tatu za Hewa Chumbani kwa Aunti

Makaa yenye unyevu yakianza kushika moto hutoa harufu kali inayokwaruza koo. Nimefanya kazi ughaibuni miaka tisa, na diploma yangu ya kemia imetundikwa sebuleni katika nyumba niliyojijengea mwenyewe, lakini harufu hiyo bado hunirudisha mtaani Kongo, kule Kawangware, likizo moja ya Agosti miaka ya tisini.

Nilikuwa nimetoka mtaa wetu wa Gatwekera kumsaidia aunti, dada ya baba, kulea mtoto wake mchanga. Nilikuwa kidato cha pili, ila vitabu vya kidato cha tatu nilikuwa nimeshavimaliza; nani mwingine mtaani angesema hivyo? Asubuhi hiyo ilikuwa ya baridi. Aunti akaingiza jiko la makaa ndani lichemshe githeri ya mahindi na maharagwe, akafunga mlango, akaziba upenyo wa chini kwa gunia. Baadaye nilimtekenya mtoto wayo pale kitandani. Hakujikunja kama kawaida yake.

"Aunti, toa hiyo jiko nje! Kaboni gramu kumi na mbili inashika oksijeni gramu thelathini na mbili, inatoka hewa chafu gramu arobaini na nne. Kilo moja ya makaa inatupa zaidi ya kilo tatu na nusu!"

Alicheka hadi akashika kiuno. "Iingie kilo moja, itoke kilo tatu? Wee Akinyi, si basi niache kuuza samaki wa omena niuze hewa!" Akachota majivu kwa kijiko. "Hebu nionyeshe hizo kilo."

Nilikereka! Nikachukua chaki, nikagawanya arobaini na nne kwa kumi na mbili juu ya mabati ya ukutani. Akaniambia nimpishe akoroge githeri. Nikarudia, akanisukuma kando kwa kiwiko. Mara ya tatu kichwa kilikuwa kinagonga.

"Jibu," nikasema, "ni... mbili."

Mwiko ukasimama. "Si umesema tatu na kitu?" Akanitazama usoni. "Wewe? Ukosee hesabu?"

Akamnyakua mtoto, akapiga mlango teke, akanivuta nje kwa kola. Kwenye baridi mtoto alikohoa, kisha akalia kwa nguvu. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Chuoni, miaka baadaye, ndipo nilipoelewa, na hadi leo naudhika: hesabu yangu ilikuwa ya chumba chenye mlango wazi. Mlango ukifungwa, kaboni hukosa oksijeni ya kutosha, hushika nusu tu, na hutoka gesi nyingine, isiyo na harufu, inayoua. Nilimhubiria aunti gesi isiyo yenyewe, badala ya kumwambia tu kwamba mtoto hajikunji. Majibu yangu sahihi hakuyaamini hata moja. Aliamini lile nililokosea, kwa sababu alinijua.