Mashudu ya Shemeji

Shule niliiona kwa nje tu. Ng'ombe wangu niliwapata kwa kubeba mizigo bandarini Moroni, gunia kwa gunia. Shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu na kuhamia kwetu Vouvouni, alirithi wake. Ndipo wivu ulipoanzia, sifichi.

Sote tulifuga ndama kwa ajili ya harusi kuu, ile karamu ya heshima ambayo mtu humfanyia mkewe hata miaka mingi baada ya kuoana. Huku kwetu mwanamume asiyeifanya, hata awe na mvi, barazani husikiliza tu. Uhuru ulipokuja, wanamapinduzi nao wakaja, wakaipiga marufuku. Tukaendelea kufuga. Tulijua serikali hubadilika.

Wangu walikula migomba. Wake walikula mashudu ya karanga, makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, ambayo kaka yake, mpakuzi wa meli Mutsamudu, kisiwa cha jirani, alimletea kwa mashua. Waling'aa utadhani wamepakwa mafuta! Kila asubuhi nilichungulia uani kwake, roho ikiniuma kama jino bovu.

Mvua zilipoanza, ndama wake wakadhoofika. Manyoya yalisimama, wakasaga meno, wakajikamua bila kutoa choo. Mmoja alizunguka kama haoni. Wawili wakafa. Ng'ombe wakubwa walikula chakula kilekile, wakabaki wamesimama.

Shemeji akanikabili nje ya msikiti, watu wamejaa.

"Ni jicho lako hilo! Unawatazama ndama wangu kuliko mkeo!"

"Nawatazama, ndiyo," nikasema. "Ndiyo maana nimeona usichokiona wewe mwenyewe. Wameanza kuugua ulipofungua yale magunia yaliyoloa mashuani."

Watu wakacheka, wakatufuata hadi uani. Nikatia mkono guniani mpaka kiwiko. Ndani mlikuwa na joto, mabonge, ukungu wa kijani.

"Lakini niliyaanika juani yakakauka," akajitetea. "Njaa yote hii, nitupe chakula?"

"Uliianika sumu, shemeji, ikakauka. Wakubwa wanaihimili, ndama hawaiwezi."

Jina langu likasafika. Mashudu yakamwagwa baharini. Ndama wake mmoja tu ndiye aliyepona, tena kwa migomba yangu, maana dada yangu alikuja kuniomba, na dada hakataliwi.

Utawala wa wanamapinduzi ulipoanguka, shemeji ndiye aliyetangulia kufanya harusi yake kuu. Mimi nilikuwa bado najaza zizi. Alimchinja ndama yule aliyepona, sasa fahali, pamoja na wengine wa urithi, akaketi mbele kwa joho lake. Mimi nyuma. Nikaletewa sahani.

Nyama ilikuwa laini. Nilitafuna polepole, nikijua natafuna migomba yangu mwenyewe.