Njia ya Mabamba ya Bwana Moinaidi

Bwana Moinaidi wa Moroni alifanya jambo moja tu maishani: alifanya karamu ya harusi. Ujanani alitumwa Mutsamudu, kisiwa jirani, kuuza vitambaa dukani kwa mjomba wake, akadumu huko miaka akijinyima hata chai, kisha akarudi kisiwani kwao Ngazidja na kuchinja ng'ombe wengi kuliko mtaa ulivyoweza kula. Hiyo ndiyo ndoa kubwa. Aliyeifanya huitwa mtu mzima. Asiyeifanya hubaki mtoto hata ndevu zikiwa nyeupe. Tangu siku hiyo hakujishughulisha tena na lolote. Alikaa mstari wa mbele msikitini, alizungumza wa kwanza barazani, na akadhani huko ndiko kuishi.

Uhuru ukaja, na nyuma yake serikali ya Ali Soilih, iliyopiga marufuku ndoa kubwa pamoja na heshima zake. Ijumaa moja mchukuzi wa bandarini alikaa mbele ya Bwana Moinaidi msikitini, na paa halikuanguka. Bwana Moinaidi alirudi nyumbani na homa.

Homa ilipomtoka ilimwachia wazo la kujenga njia. Nyumba haikuwa yake. Kule nyumba ni ya mke, na hii ilikuwa ya mkewe, Bi Hadjira, pamoja na bustani ya mihogo na ndimu. Bi Hadjira alikubali ijengwe njia ya mabamba ya zege kutoka langoni hadi mlangoni, maana mvua ikinyesha bustani hugeuka tope. Sharti hakuambiwa: watakanyaga watu wazima tu. Siku ya Idi wazee wenzake wangepita humo kwa majoho waliyoyaficha masandukuni, kila mmoja kwa cheo chake, na kwa hatua chache dunia ingekaa sawa tena.

Fundi alikuwa Salimou, mtu wa Mutsamudu, mdomo mwepesi na mikono mizito. Alifyeka, akachimba, akamwaga mchanga, akalaza bamba la kwanza. Kisha akainua mguu alipande.

"We! Shusha huo mguu!"

"Vipi tena, bwana mkubwa?"

"Umefunga ndoa kubwa, wewe?"

"Nimefunga ndogo tatu."

"Basi usiguse bamba langu."

"Bamba lazima likanyagwe, bwana. Usipolikanyaga utajuaje kama linacheza? Likicheza unatia mchanga, unashindilia, unakanyaga tena. Haya, panda wewe."

Bwana Moinaidi alitazama viatu vyake. "Mimi? Nifanye kazi ya fundi?"

Fundi mwenye haya angekusanya vifaa akaenda zake. Salimou alifurahi, kazi ilikuwa imepungua nusu.

"Kwetu Mutsamudu," alisema, akiokota mwiko, "vichochoro vyote vimelazwa hivihivi, toka enzi za masultani."

Ulikuwa uongo, na wote wawili walikuwa wamekaa Mutsamudu vya kutosha kuujua. Salimou akachuchumaa kwenye udongo, akayalaza mabamba yote kwa kukisia, akiimba. Kwa macho, njia ilipendeza.

Jioni Bi Hadjira alikuja na ndoo ya maji kichwani.

"Mama Saoudat, pita pembeni."

"Pembeni wapi?"

"Kwenye udongo."

"Udongo wa nani, Baba Saoudat?"

Alicheka, akapita kwenye udongo. Alitaka kuona upuuzi huu utaishia wapi.

Siku ya Idi, baada ya mvua ya usiku kucha, wazee walifika, nyuso zao zikiwa za watu wanaokwenda kuiba. Bwana Moinaidi alitangulia, akatembea kwa madaha, hewani zaidi kuliko chini. Nyuma yake alikuja Chamsidine, mzee mnene ambaye neno lake lilikuwa sheria kabla sheria hazijabadilika. Alipoweka uzito wake, bamba liliinuka upande wa pili. Chamsidine alipunga mikono kama kifaranga, na kofia ikaangukia mihogoni.

"Moinaidi! Heshima wametunyang'anya, na viuno wataka kutuvunja wewe?"

Akashuka kwenye udongo. Wengine wakamfuata, majoho wameyapandisha magotini, wakipenya kwenye mihogo bila mpango, mdogo mbele ya mkubwa.

"Rudini njiani!" Bwana Moinaidi alipiga kelele. "Taratibu, jamani! Chamsidine atangulie!"

Lakini wali ulikuwa unanukia, na Chamsidine mwenyewe alikuwa anawapiga wenzake viwiko.

"Karibuni, karibuni," alisema Bi Hadjira mlangoni. "Futeni miguu hapo." Kisha akamtazama mumewe, aliyesimama katikati ya njia, mikono ameitandaza, bamba likimchezacheza chini. "Baba Saoudat, shuka ule."

Hakushuka. Alingoja angalau mzee mmoja ageuke, amwone amesimama pale alipostahili. Ndani walikuwa wanacheka kwa jambo jingine kabisa. Alingoja tena kidogo. Kisha akavua viatu na kutia mguu kwenye tope.