Mdundo Uliopikwa Kigera

Mapanki yananitia kinyaa hadi leo, na sioni haya kusema. Sangara mzima anaingia kiwandani, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi wa Musoma tunaachiwa kichwa na mifupa. Tunaikaanga kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia mengine, halafu tunaambiwa huo ndio uchumi wa soko huria. Mwaka 2003 nilikuwa meza namba tatu katika kiwanda kimoja cha minofu, kisu mkononi, buti za mpira miguuni. Mimi ni Boke. Kulia kwangu alisimama Mwanaupe binti Hamduni, na ni yeye ninayetaka kumsimulia.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwembamba, si msemaji. Harufu ya samaki ilikuwa imemwingia kwenye nywele, kwenye khanga, mpaka kwenye godoro. Alijaribu ndimu, alijaribu majivu, haikutoka. Mimi yangu niliizoea. Yeye hakuizoea, ila hakulalamika. Mezani pale alikuwa na tabia moja iliyonichosha: alisikiliza. Sangara akitupwa juu ya bati, meza inasema "du", kisha mguu wake mmoja uliolegea skrubu unajibu "ka". Sisi wengine tunaona damu na utelezi tu, yeye anatikisa kichwa.

Siku moja alikuja na rekoda ndogo ya kaseti, kaifunga kwenye mfuko wa nailoni chini ya aproni.

"Unarekodi nini humu?" nikamuuliza. "Matumbo?"

"Meza," akasema.

Nyumbani kwao Kigera alikuwa na kompyuta. Baba yake, mzee Hamduni, alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha nguo mpaka kilipofungwa, wafanyakazi wakaambiwa kwaherini. Kitu pekee cha maana alichobaki nacho ni baiskeli aliyoiendesha kwenda zamu miaka kumi na minane. Hasani, mfanyabiashara wa Bunda, alikuwa na kompyuta ya mtumba na alikubali wabadilishane. Binti aliomba, mzee akaitoa baiskeli bila neno. Jioni moja kabla haijachukuliwa, Mwanaupe aliipindua magurudumu juu, akalizungusha la nyuma na kuliachia, rekoda pembeni. Ndani ya gurudumu lile kulikuwa na jino lililovunjika, kwa hiyo lililia likichechemea: tiki-tiki-ti, tiki-tiki-ti. Mzee alikuwa barazani. Aligeuza uso.

Tangu siku hiyo mzee hakuwahi kuuliza kompyuta inafanya kazi gani. Alipita mlangoni kwa binti yake kama anavyopita kwa jirani aliyemkosea. Hilo ndilo lililomla Mwanaupe, kuliko harufu, kuliko kiwanda.

Mimi nilimtembelea sana, maana nilipanga chumba uani kwao. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na safu za visanduku, kumi na sita kila safu. Ukikiwasha kimoja, sauti inalia pale ulipokiwasha. Mstari ukiisha unarudi mwanzo, unazunguka hivyo hivyo mpaka umeme ukatike, na umeme ulikatika sana. Safu ya kwanza aliweka "du" ya meza, ya pili "ka" ya mguu, ya tatu ile tiki-tiki ya baiskeli. Alikaa wiki tatu akihamisha kisanduku kimoja mbele, nyuma, mbele tena. Mdundo ulipokamilika, mimi nisiyependa hipu hopu nilijikuta natikisa mguu, nikaudhika.

Ndipo akaja Silasi, kijana wa hipu hopu aliyekuwa akitafuta mdundo wa wimbo wake. Baba yake alikuwa na duka la vipuri mjini, na yeye alijiita Dokta Sai, ingawa hata kidato cha nne alikimaliza kwa kusukumwa. Aliingia na kitambaa puani. Kabla ya kuvaa spika za masikioni alizopewa na Mwanaupe, alitoa chupa ya marashi mfukoni akazipulizia, kushoto na kulia, mwenyewe anamwangalia. Nilitamani kumpiga na mwiko. Mwanaupe aliangalia vidole vyake.

Enzi zile msanii anayejiheshimu alianza wimbo kwa kumtaja aliyempikia biti, yaani aliyemtengenezea mdundo. Mwanaupe hakutaka kingine.

"Unitaje kwa jina," alimwambia. "Useme Mwanaupe binti Hamduni, wa Kigera. Baba atakuwa anasikiliza."

"Sista, usijali. Mimi watu wangu sisahauga."

Akachukua CD yenye mdundo akaenda kurekodi Mwanza. Mwezi ukapita, tukasikia wimbo utapigwa redioni Jumamosi saa tisa. Mwanaupe alimwachia baba yake betri mpya za redio, akamwomba afungue saa hiyo. Mzee aliguna tu.

Jumamosi tulikuwa tunasugua meza, na supavaiza alituruhusu redio. Saa tisa ikafika. Sauti ya Silasi ikaanza: "Dokta Sai hapa! Biti nimepikiwa Dar es Salaam na maprodyuza wakubwa, nyie wa mapanki kaeni mbali." Kisha mdundo ukaingia.

Nyamburi, mama mtu mzima aliyekuwa akisugua ng'ambo ya meza, aliacha brashi.

"We Boke, si mguu wa hii meza unaliaga hivi?"

Hakuna aliyecheka. Mwanaupe aliendelea kusugua mahali palepale palipokwisha kung'aa. Tulipovua aproni akaniambia, "Leo sirudi nyumbani." Nikamwambia ni lazima arudi, nitakwenda naye, na nitamweleza mzee mwenyewe jinsi yule mshenzi alivyo.

Tulimkuta mzee barazani, redio mapajani, ameizima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, yule kijana aliahidi kuwa..."

"Nimemsikia. Anapiga makelele sana yule." Mzee aliizungusha antena, akairudisha. "Lakini nyuma ya makelele yake kulikuwa na gurudumu. Lina jino moja limevunjika."

Mwanaupe aliketi kwenye ukingo wa baraza.

"Nilikuwaga najua Hasani keshaiuza chuma chakavu," mzee akasema. "Kumbe ipo."

Akainuka, akaingia chumbani kwa binti yake kwa mara ya kwanza tangu kompyuta ije, akavuta kiti. Nilimsikia akiuliza ile safu ya tatu inafanya nini.

Jumatatu jioni Silasi akaja, kitambaa puani, anataka biti ya pili. Mzee Hamduni alisimama mlangoni.

"Shikamoo mzee. Dada yupo?"

"Marahaba, mwanangu. Yupo, anafanya kazi."

"Nilikuwa nataka biti nyingine."

"Biti zinapikwa Dar," mzee akamwambia kwa upole. "Stendi unaijua."

Akafunga mlango. Silasi akanigeukia mimi niliyekuwa nachambua mchele uani, labda alitaka nimsemee. Nilitema mate chini, nikaendelea na mchele wangu.