Kifuniko cha Bakuli la Bluu

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ugonjwa wake ni vyombo vya kale vya Kiingereza: masinia na mabakuli meupe yaliyochapwa picha za bluu, majumba, mito, ng'ombe wanaokunywa maji. Kabati limejaa pomoni. Kugusa marufuku, kulia chakula humo ndiyo usiseme. Mumewe hulalamika kwamba ameoa makumbusho.

Ila bakuli kubwa la supu halikuwa na kifuniko. Miaka tisa shangazi alikisaka minadani na kwa wauza mitumba, futi shingoni, akipima kila alichokiona. Mimi nilishachoka kumfuata.

Jumamosi moja mteja wake, mama mmoja aliyestaafu upishi wa hoteli, alikuja kuchukua gauni. Akaliona bakuli, akasahau gauni. Alisema kwake kuna kifuniko chenye picha hiyohiyo; hotelini walitaka kukitupa eti mti wa pichani umekatika katikati, naye akakiokoa. Shangazi aliruka kitini. Mti umekatika! Hapo ndipo ncha za karatasi iliyochapia picha zilipokutana, mshono kabisa, alama ya kazi ya mkono! Tulimfuata mpishi kwake nusura tukimbie, bakuli kifuani.

Kifuniko kilikaa sawasawa. Shangazi alilia kwa furaha, na mimi mbishi nikajikuta napiga makofi. Lakini mpishi hakukiachia.

"Fundi, utapakulia supu humu, au utalifungia kabatini?"

Shangazi hajui kudanganya. "Sijawahi kulitia chochote, mama. Naogopa litapasuka."

"Basi kifuniko kibaki kwangu. Chombo cha chakula kikose chakula?"

Shangazi alilitazama bakuli, akakitazama kifuniko, jasho likimtoka. Hatimaye akamwambia aje Jumapili, atapika.

Mpishi alifika na kifuniko ndani ya taulo. Alimwelekeza shangazi alipashe bakuli kwanza kwa maji ya uvuguvugu, lisishtuke. Kisha supu ikamiminwa, nasi tukatega masikio kusikia ufa. Hatukusikia kitu. Mpishi akafunika, akafunua, mvuke ukatupiga usoni, tukacheka wote kama wendawazimu.

Shangazi alinyakua upawa, akampakulia mumewe kabla ya mgeni, akajaza mpaka ukingoni. Halafu akamsogezea bakuli lenyewe, karibu kabisa na kiwiko chake.

"Kula, baba watoto," alisema. "Ukitaka kuongeza, jipakulie mwenyewe."