Paka Wawili Walionitunzia Mguu

Asubuhi ile nilitoka Gitega na baiskeli bila kujua naenda wapi. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule: nikitaka kujua nyuma ya kilima kuna nini, naenda. Kwenye mpando nikashika nyuma ya lori la ndizi linivute, kama tunavyofanya wengi. Lori likafunga breki. Nikaanguka, na mguu wa kushoto ukalia ka! kama muhogo mkavu. Nilipotazama, unyayo ulikuwa umegeukia pembeni.

Daktari aliufunga plasta hadi juu ya goti. "We, usiukanyage," akaniambia. "Mufupa iko bado mubichi. Usipotulia, utachechemea mupaka uzeeke."

Kutulia ndiko nisikokujua. Dada yangu Spesioza alinilaza kwake Gishubi, akaniletea kitoto cha paka kiniliwaze. Kutwa kililia, kikinitafuna vidole vilivyochungulia nje ya plasta. Nikainuka kwa mguu mmoja kukifukuza, nikaanguka, nikapiga yowe.

"Kinamtaka ndugu yake," dada akasema, akaenda kwa jirani kuchukua cha pili.

"Spesi, hata kimoja kimenishinda!"

"Kelele ni za upweke. Ngoja uone."

Kweli, cha pili kilipofika wakaanza kutafunana wenyewe. Walikimbizana, wakachoka, wakalala juu ya tumbo langu wamekumbatiana. Sikuinuka, nisije nikawaamsha. Niliwaita Haragwe na Ndizi, maana kwetu hawa hawatengani chunguni.

Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba, unanuka, na goti halikunjiki. Nikafunga kamba kwenye kidole gumba cha mguu huo, nikawa nauinua na kuushusha, wao wakiigombea kamba. Nilicheka huku machozi yakinitoka. Goti likalegea hivyo, kidogo kidogo.

Namshukuru Mungu, daktari na dada. Nawe uliyelazwa na plasta, tulia. Ukipewa paka, omba wawili: watachezeshana wao, nawe utapona.

Juzi niliingia mji wa Muyinga kwa miguu yangu miwili, kikapu mkononi. Mzee mmoja mwenye duka, ambaye babu zake walitoka Uhindi, alikuwa na chumba cha kupangisha uani.

"Uko peke yako?"

"Mimi na paka wawili, mzee."

"Mmoja nipe mimi, panya wamenimaliza dukani."

"Hawa hawagawanywi, mzee. Afadhali nitafute kwingine."

Akafunua kikapu. Walikuwa wamelala, mkia wa Ndizi juu ya pua ya Haragwe. Akacheka, akanipa ufunguo.

"Basi mlango wa kuingilia dukani usiufunge. Waje wote wawili."