Fundi na Majina ya Ukoo

Fundi wa kompyuta wa nyuma ya soko la Đông Ba, mjini Huế, huweka skrubu zake ndani ya kikombe cha chai, na huisemesha mashine kwa sauti ya chini kama mtu anayembembeleza ng'ombe mgonjwa. Vidole vyake vina alama za kuungua kwa kulehemu. Mzee Khoát alimletea kompyuta kuukuu iliyogoma kuwaka vizuri, yenye majina ya ukoo wake, vizazi kumi na viwili. Daftari la asili lilikwenda na mafuriko. Fundi akaamua kuiwekea mfumo mpya wa uendeshaji; mara mbili ulikataa kuingia, hadi fundi alipogundua kuwa saa ya mashine imerudi nyuma miaka ishirini, akaibadilishia betri yake ndogo. Sasa mashine ikauliza kama ifute kila kitu. Kidole cha fundi kikasita.

“Majina nimeyanakili kwenye kompyuta yangu, babu. Yahakiki kwanza.”

“Nisomee wewe. Macho yangu yamechoka.”

“Wazee wako marehemu niwataje kwa majina mimi, mtu baki? Hapana, babu, ni mwiko.”

Akakuza herufi mpaka zikajaa kioo, kisha akageukia ukuta. Mzee Khoát, aliyezoea kuapa kwamba adabu ilizikwa na kizazi chake, akasoma kimya hadi jina la mwisho.

“Wote wapo,” akasema. “Geuka, mwanangu. Futa.”